Zilicheza, Mama

Mama,

Nikwambie ukweli kwanza: sijalia bado. Watu wananiangalia usoni kama wanaosubiri maji ya bomba yarudi. Hata mie nasubiri. Nakula nikiambiwa kula, nalala nikiambiwa lala. Jana Dada Mwaju aliniuliza nataka chai ya maziwa au ya rangi, nikashindwa kujibu, akaniletea zote mbili. Ndo akasema, "Zawa mdogo wangu, kama kusema hakuji, we andika. Si ndo ulichosomea miaka yote hiyo?"

Basi naandika. Niko saluni kwako Chang'ombe, kwenye kiti cha kuoshea. Umeme umekatika, mteja hakuna, Dada Mwaju kaenda kuswali. Saluni anaendesha yeye sasa. Hajabadilisha kitu, hata lile pazia la maua alilokuwa akilisema vibaya kila siku, bado lipo.

Nataka kukupa habari ya nywele zangu. Zile ulizoniwekea dawa ya kunyoosha. Najua ungekuwepo ndo ungeanza nazo, maana wewe hukuwa na salamu nyingine. Hata tukikutana na mteja wako kanisani, watu wanapeana amani, wewe unamshika mkono unamuuliza, "Kichwa kinaendeleaje?" Nilikuwa naona aibu, natamani nijifiche chini ya benchi.

Miaka yote ya sekondari ulininyoa mwenyewe, maana shule haitaki nywele, na kila ukininyoa unaguna. "Mama ana saluni, mtoto kipara. Watu watasema nini?" Ulisema siku nitakayomaliza fomu foo, kichwa changu ni mali yako. Nikamaliza. Ukanizuia hata kusuka. Ukawa unazipima kwa vidole kila Jumapili, unavuta kidogo, unasema bado, hazijashika rola. Ulikuwa na haraka kuliko mie. Mie nilikuwa naogopa tu dawa isiniunguze.

Nakumbuka ile siku vizuri sana, na ajabu ni kwamba naikumbuka kama niliiona kupitia dirisha. Ulinipaka mafuta mazito pembeni mwa uso, ukaweka dawa, ukaosha, ukarudia shampuu ya kutolea dawa mpaka nikasema inatosha na wewe ukasema bado. Halafu ukachukua mkasi. Nilidhani utakata ncha tu. Ulikata kisogoni fupi kabisa, ukawa unaacha urefu kidogo kidogo unavyopanda juu, ngazi kwa ngazi, hadi mbele zikafika kwenye taya. Ulikuwa unaongea na mie kupitia kioo.

"Nywele fupi watu wanazionea. Wanadhani ukishaweka dawa basi, zilaze, zipake mafuta, zing'ae kama kiatu cha mwalimu mkuu. Mie nataka zicheze. Ukigeuka wewe, zenyewe zije nyuma yako, zichelewe kidogo."

Zichelewe kidogo. Kwenye simu huwa naangalia video za Wamarekani weusi wanaoelezea jambo hilohilo kwa Kiingereza, dakika nyingi, chupa nyingi, mimi naelewa kila neno. Wewe ulilimaliza kwa maneno mawili huku una vibanio mdomoni.

Ulinionyesha kila kitu siku ile, sikujua kwa nini. Kwamba losheni ya kuseti ipakwe nywele zikiwa mbichi, siyo zimeshaanza kukauka. Kwamba rola ivutwe kutoka kwenye shina, nywele zisimame kwanza ndo zizungushwe, la sivyo zitajikunja chini na juu zitalala kama chapati. Kwamba pasi ya umeme ni ya wavivu, inanyoosha lakini inaua mchezo. Na mafuta. Juu ya mafuta ulikuwa na vita na Temeke nzima. Tone moja, ulisugue viganjani mpaka lipotee, upitishe kwenye ncha tu. "Nywele fupi ukizibebesha mafuta zinachoka. Wewe ukibebeshwa gunia utacheza?"

Nikakaa kwenye drai mpaka zikakauka. Nilipotoka nikanyoosha mkono nifungue rola, ukanipiga kidogo kwenye vidole. "We! Ziache zipoe. Za moto bado hazijui zitakuwa nini." Tukasubiri. Mie, wewe, Dada Mwaju na wateja wawili, wote macho kichwani kwangu kama tunasubiri matokeo ya mtihani.

Ukafungua. Ukachambua kwa vidole, hukugusa kitana. "Haya, tikisa." Nikatikisa kidogo tu, kwa aibu.

"Tikisa kama uliyekataa posa!"

Wakacheka wote. Nikatikisa kweli. Zikaondoka zote upande mmoja, zikarudi, zikanigusa taya, zikatulia mahali pake zenyewe. Uliniona kwenye kioo, Mama. Najua uliniona.

Wiki chache tu baadaye ukaanguka.

Nilikuwa nyumbani nafua. Ulikuwa hapahapa, umeshamfunga rola Mama Jeni, yule anayeuza magodoro na vitambaa vya makochi Keko, umeshamweka kwenye drai. Dada Mwaju anasema ulishika kichwa, ukasema, "Mwaju, naona giza," ukakaa chini taratibu kama mtu anayetafuta pini. Presha. Hospitali waliniambia kwa upole, kuna nesi alinishika bega, lakini mie niliyekuwa namwangalia ni Mama Jeni. Alikuwa amekuja na wewe kwenye gari akiwa na rola zake zote kichwani, kajitupia kanga juu. Analia, rola zinagongana. Nilisikia ule mlio tu.

Alilala na zile rola. Alikuja nazo msibani asubuhi. Hakuna aliyekumbuka, na yeye alisema hawezi kuzifungua mwenyewe, aliyezifunga ndo huyo aliyekufa, anaona kama dhambi. Mwisho Dada Mwaju akamvuta chumba cha nyuma, akamfungulia palepale kitandani kwako. Mie nilikuwa nimekaa mlangoni. Mama, zilitoka nzuri kuliko siku zote. Zilipoa usiku kucha. Mama Jeni akarudi mkekani kwa wenzake akaanza upya kulia, na kila kwikwi nywele zinaruka, kila kwikwi zinaruka. Wanawake walikuwa wanamwangalia, wanainamisha macho. Mmoja alinong'ona, "Jamani, lakini seti imekaa." Mie ningeweza kucheka. Sikucheka, lakini nilijua kwamba ni kitu cha kuchekesha, kama unavyojua kwamba chakula ni cha moto kabla hujakigusa.

Ila seti ni seti. Akiosha inaondoka. Yangu ilikuwa dawa na mkasi. Ndo nikaanza kuhesabu hivyo kichwani, kwamba kazi ya mikono yako iliyobaki ni hii, na iko kwangu.

Bibi alifika na basi la Masasi siku ya kuzika. Hakulia kwa sauti. Alipanga mambo. Akasema wafiwa hatuoshi kichwa wala hatuchani mpaka matanga yaanuliwe, ndo ilivyo kwao, na kwa kuwa ni kwao basi ni kwetu. Nikakubali. Sikuwa na nguvu za kuchana hata hivyo.

Sasa ikatokea hivi. Kila mama aliyekuja kunipa pole aliniona nywele zimekauka na vumbi la makaburini. Akanihurumia. Akanivuta katikati ya magoti yake akanipaka mafuta. Wa kwanza alinipaka ya nazi. Wa pili ya kopo, yale ya kijani. Wa tatu hakujua kama wa kwanza na wa pili wamepita. Mama mchungaji alikuja na mafuta ya mzeituni, akaombea kabisa. Nilikuwa nakaa tu, nahisi mikono ya watu inapita juu yangu, nasema "asante mama, asante mama". Kama ungekuwepo ungewafukuza wote na kopo zao. Mpaka siku ya kuanua matanga nywele zilikuwa zimelala zote, zimegandana, mto umelowa, kola ya gauni imelowa.

Dada Mwaju aliponiona akashika kiuno. "Mungu wangu, Zawa, wamekukaanga?"

Aliniosha mara nyingi. Mafuta yalikuwa yanaondoka kwa awamu, kama wageni. Zilipokauka nikaona kitu ambacho nilikuwa sijakifikiria. Zilikuwa zimeota. Kwenye shina kulikuwa na nywele mpya, za kwangu mwenyewe, za kipilipili, na mstari kabisa pale zinapoanza zako. Nikapitisha kidole. Upande wa shina ni nywele ambazo hujawahi kuzishika. Nilikaa muda mrefu na kidole changu pale pale.

Dada Mwaju alisema hapo ni pabaya, panakatika, inabidi kuritachi, shina nalo lipakwe dawa, na kupunguza ncha. Nikatikisa kichwa. Kupunguza ncha ni kuondoa zile ngazi zako. Akasema basi angalau tupige pasi uonekane mtu. Nikatikisa tena. Akanitazama, akaniachia rola na kioo akasema, "Haya, fundi."

Nikajaribu mwenyewe. Mara ya kwanza zilikuwa zimeshakauka nusu ndo nikapaka losheni, zikawa ngumu kama fagio. Mara ya pili niliharakisha, nikafungua zikiwa za moto, zikadondoka zote mbele ya macho yangu. Zilikuwa nywele tu. Zimelala. Nikageuza shingo, zikageuka na mie wakati uleule, kama kofia.

Nikaona nimekupoteza tena, na hata hapo sikulia.

Halafu ikakaribia arobaini. Tumekaa sebuleni, Dada Mwaju amekuja kusaidia kupanga vyombo vya kuazima, Bibi anapepeta mchele. Akasema bila kuinua uso, kama mtu anayesema kesho ni Jumamosi, "Asubuhi ya arobaini tutanyoa, mie na Zawadi. Ndo tunafunga msiba."

Dada Mwaju akaweka sahani chini. "Bibi, huyu si mtoto wa mjini? Mpunguzie kidogo tu kisogoni, Mungu anaona."

"Kwani Mungu ndo kafiwa?"

"Hapana, Bibi, mie nasema tu."

"Saluni unayo wewe, msiba ninao mie. Endelea kuhesabu sahani, mwanangu."

Dada Mwaju akahesabu sahani. Wote wawili wakanigeukia, wakasubiri niseme. Mama, nilikuwa na neno. Nikasema nakwenda kutoa nguo kambani, wakati hakukuwa na nguo kambani. Bibi akachukulia nimekubali.

Siku moja kabla, Dada Mwaju akafunga saluni mchana. Akaniambia hataki maelezo, fanya, yeye atakaa pale mlangoni kuzuia watu. Nikaosha mwenyewe. Nikapaka losheni zikiwa zinachuruzika. Nikasimamisha kila fungu kabla ya kuzungusha, kuanzia juu, mikono ikauma, kisogoni nikashindwa kabisa zikatoka zimepinda, nikafungua nikarudia. Nikakaa kwenye drai. Nilipotoka nikaweka mikono chini ya mapaja. Dada Mwaju akanunua mihogo ya kukaanga, tukala, akanisimulia umbea wote wa mtaa, akamaliza, akaanza tena na majina tofauti. Nikagusa rola ya mbele. Ya baridi. Nikagusa ya nyuma. Ya baridi.

Nikafungua. Vidole tu. Tone moja. Nikatikisa.

Zilicheza, Mama. Ziliondoka, zikachelewa, zikarudi. Dada Mwaju akapiga vigelegele nusu, akajiziba mdomo maana bado ni msiba. Mie niliangalia kwenye kioo kama naangalia tangazo la kitu ambacho sihitaji kununua. Nilifanya tena. Zilicheza tena. Ndani kimya. Nilidhani zikicheza nitapata kitu. Nilipata nywele nzuri.

Wakati narudi nyumbani kijana mmoja wa bodaboda akapiga kelele, "Sista, nywele hizo zina betri?" Nikatembea haraka, na nikitembea haraka ndo zinazidi.

Bibi alikuwa uani. Nikamwamkia, shikamoo. Hakuitikia. Akasema, "Simama hapo. Geuka." Nikageuka. "Geuka tena." Akaweka ungo chini.

"Hizo nani kakufanyia?"

"Mama." Halafu lile neno likatoka, dogo sana. "Bibi, sitaki kunyoa. Aliyezikata ni Mama."

Nilidhani atafoka. Alinitazama nywele, siyo mie. Redio ya jirani ikabadilisha wimbo.

"Nimesikia," akasema. "Nywele ni zako, Zawadi. Ila aliyekufa ni mwanangu. Asubuhi mie nitanyoa. Wewe fanya unavyoona."

Akarudi kwenye mchele wake. Ikawa imeisha hivyo. Nimepata nilichotaka. Nilijifunga kitambaa cha satini, nikalala.

Asubuhi nikamkuta uani peke yake, amekaa kwenye kigoda, beseni la maji mbele, wembe mkononi. Alikuwa ameshamaliza mbele na pembeni. Nywele zake nyeupe zinaelea kwenye povu. Kisogoni alikuwa hafiki. Anapeleka mkono, mkono unaishia begani, anajaribu na mwingine, na alishajikata mahali, damu kidogo inashuka kwenye shingo na yeye hajui. Ndo nikakumbuka. Kila ulipokwenda Masasi Krismasi, siku ya pili asubuhi ulikuwa unatoka nje na wembe na beseni. Mie nilikuwa naona ni mambo yenu ya wakubwa. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa anamnyoa Bibi kisogo. Ulikuwa wewe tu.

Nikauchukua ule wembe mkononi mwake. Hakuuliza. Akainamisha shingo. Nilikwenda polepole, nikafuta ile damu kwa kidole gumba. Ngozi yake ya hapo ni laini kama ya mtoto. Nilipomaliza nikasuuza, nikazunguka, nikakaa chini mbele yake, mgongo kwenye magoti yake.

"Na mie, Bibi."

"Usinifanyie huruma."

"Siyo huruma. Na mie nimefiwa naye."

Akafungua kitambaa. Nywele zikaanguka mahali pake, nzuri, hazikuharibika hata kidogo. Alizishika kwanza. Alizipitishia vidole mara moja, kutoka shinani hadi ncha, akaziachia zirudi. Akafanya tena. Halafu akazilowesha.

Akakunja sikio langu. Mama, alilikunja kwa vidole viwili, kutoka juu, akalibana kidogo na kulivuta mbele, ili wembe upite nyuma yake. Vilevile ulivyokuwa unalikunja wewe ukininyoa. Nilidhani hilo ni lako. Nilidhani ulilitunga wewe, kwa ajili ya sikio langu. Nikafumba macho na sikujua ni nani ameshika.

Zilidondoka begani, mapajani, zako na zile mpya pamoja, huwezi kuzitenganisha zikilowa. Bibi aliziokota zote, akazichanganya na za kwake kwenye kipande cha kanga, akazifukia kwenye ule udongo kando ya karo. Akanimwagia maji kichwani kutoka kwenye kopo.

Yalikuwa ya baridi. Nikashtuka, nikavuta pumzi kwa sauti. Mama, niliyahisi. Yalishuka shingoni, mgongoni, mpaka kiunoni, na mie nayahisi yote. Sijalia, nilikwambia. Lakini baridi niliisikia, na baadaye nikasikia njaa.

Sasa hivi nina kipara tena, kama cha shule. Dada Mwaju anasema kichwa changu kina umbo zuri, ni kosa kukificha. Zikiota sijui kama nitaweka dawa. Nikiweka, najua kuzichezesha. Hilo liko mikononi na halihitaji nywele kukaa.

Umeme umerudi, drai imewaka yenyewe, kuna mtu alisahau kuizima. Dada Mwaju anakuja, namsikia anagombana na muuza maji. Nikuache, Mama. Ulisimama siku nyingi mno kwenye hii sakafu, kaa sasa. Nyoosha miguu. Mtu akikuuliza huko kichwa chako kinaendeleaje, mwambie umekiacha kwa watu wazuri.

Bibi anarudi Masasi wiki ijayo. Nimemwambia, kwa sauti, hakunilazimisha kurudia, kwamba Krismasi nitakwenda, na nyingine, na nyingine. Nitabeba wembe mpya. Usimfikirie. Kisogo cha Bibi niachie mie.

Mwanao,
Zawadi